Vidole vya Mguu

Jumatano, tarehe 9 Aprili. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, na maji ya mafuriko yalikuwa yameanza kupungua.

Picha yangu ilipangwa ukurasa wa kwanza: waokoaji wamembeba mama juu ya mlango uliong'oka. Miaka ishirini nimelipigia gazeti hili picha, na maneno ya chini wameandika wengine. Sikujua kusoma.

Tangu Januari nasoma darasa la jioni. Nikainamia ukurasa, nikaweka kidole, nikasoma kwa silabi kama mwalimu anavyotufundisha. Ma-i-ti.

"Mhariri," nikasema, "huyu mama si maiti."

Mpanga kurasa akacheka. "Babu Kamera! Herufi umezijua juzi, leo unatusahihisha?"

"Nani kakwambia yu hai, mzee?" mhariri akauliza.

"Sikuambiwa. Tazama vidole vya mguu."

Vilikuwa vimekunjwa, vimeng'ang'ania ukingo wa mlango. Maiti hang'ang'anii kitu.

Mhariri akavaa miwani, akatazama, kisha akapiga simu hospitali. Alipokata, sauti yake ilikuwa chini.

"Yuko wodini. Anawaulizia wanawe."

Wanawe, ambao kesho wangelinunua gazeti letu. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, nikamwombea heri mwalimu wangu wa jioni.

Mpanga kurasa alikuwa keshalifuta lile neno.

Mhariri akasimama. "Nyote ni mashahidi," akakiambia chumba kizima. "Kuanzia leo, picha ya mzee huyu haichapwi kabla hajasoma maneno yake. Hata akisoma silabi moja moja, tutamsubiri."