Kipimo cha Tatu

"Mia moja na tisini!" muuguzi akasoma kwenye mashine. "Mzee, presha imezidi kupanda. Unawaza nini?"

"Nawaza wakubwa," fundi viatu akasema. "Kodi wamepandisha wao wenyewe, leo eti nikitoa damu watanipunguzia. Miaka yote wananinyonya kwa makaratasi, sasa wamekuja na sindano!"

"Basi waache. Tulia dakika tano, nikupime mara ya mwisho. Presha ikikataa, hutoi damu, na kibanda chako utakilipia kodi nzima."

Kodi nzima maana yake ni kufunga kibanda. Fundi akafumba macho, akamwaza marehemu mkewe. Miaka thelathini, kila alipoanza kuwasema wakubwa, yule mama alimshika mkono hapa hapa palipofungwa mkanda wa kipimo, akamwambia, "Baba, achana nao." Naye alinyamaza.

Moyo ukatulia kabisa.

Mlango ukafunguka. Akaingia bwana kodi, suti imenyooka, muhuri wa kugongea fomu mkononi, akampigapiga fundi begani.

"Hongera, mzee. Si unaona tunavyowajali?"

"Babu, usimjibu!" muuguzi akasema, huku mkanda unaanza kujaa upepo.

Fundi akang'ata meno, akafumba macho tena. Akamtafuta mkewe, akamkuta. Safari hii hakumshika mkono.

"Baba," akamwambia, "mpe zake."