Mchapishaji wa Upande wa Baba

Sheria ilitaka kila ukoo utibiwe kwa utafiti wa mchapishaji mmoja tu, na mtoto afuate wa baba yake. Majarida yote yalisomwa bure. Kuyachagua ndiko kulikokatazwa. Zahanatini, Mwanakombo, mwanawe Rehani mwenye homa akiwa mapajani, alimwekea muuguzi makala mbili mezani. Mchapishaji wa kwao alionya kwamba dawa ya homa aliyoandikiwa mtoto huharibu figo za watoto. Wa mumewe bado aliisifu, kwa utafiti wa watu wazima kumi na wawili.

“Dada, soma mwenyewe!”

“Nimesoma, Mama Rehani. Hata wanangu siwapi.”

“Sasa wangu ana kosa gani?”

“Kosa lako, shoga. Ungeuliza mchapishaji kabla ya kuuliza mahari.”

Muuguzi alikoroga dawa, akamwomba amshike mtoto asifurukute. Mwanakombo akamshika.