Tone Ambalo Halikuvimba

Sheria ilikuwa fupi: chochote kinachokataliwa na pua ya mtoto kitoke nyumbani kabla jua halijatua, kiwe mkeka, paka au mtu.

Mwanahawa alimshika mwanawe Tabu huku nesi akidondosha matone mkononi mwa mtoto na kulichoma kila moja kwa sindano: vumbi, chavua, manyoya ya paka, na jasho lililokamuliwa kwenye kanga ya Bi Salha, bibi yake Tabu, anayelala naye kitanda kimoja. Tangu juzi Mwanahawa alikuwa akisaga vidonge vya mafua kwenye uji wa mtoto.

Walisubiri. Hakuna tone lililovimba. Mwanahawa akashusha pumzi.

Nesi alikuwa bado analitazama tone la tano, lililowekwa kuhakiki kipimo chenyewe. "Hili huvimba kwa kila mtu, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Isipokuwa aliyemeza dawa."

Nesi akaufuta mkono wa mtoto taratibu, kisha akabonyeza "Salama" kwenye kioo.

"Mama yangu alitolewa mwaka jana," alisema. "Nendeni."

Nyumbani, Bi Salha alikuwa amekaa kizingitini, mkoba wa nguo miguuni.

"Mkono umesemaje?"

"Umenyamaza, mama."

Bibi akafungua mikono. Tabu alimkimbilia, lakini kabla hajamfikia alisimama, akabana pua kwa vidole kuzuia chafya, machozi yakimlengalenga. Kisha akajitupa kifuani pake. Hakuna aliyemfundisha.