Marahaba ya Kidole

Asila alikuja na maswali tisa kwenye karatasi. Kufikia saa nne asubuhi, nyumba ile ya kutunzia wagonjwa wasiotarajiwa kupona, nje kidogo ya mji wa Tabora, ilikuwa imeyajibu manane vizuri. Dawa za maumivu zilikuwapo. Mashuka yalinukia jua.

La tisa lilikuwa la mama yake, aliyekuwa amelala nyumbani, hajiwezi: "Uangalie wasije wakanigeuza kama gunia."

Sasa swali kama hilo unamwuliza nani? Asila akasimama mlangoni mwa wodi, akatazama.

Muuguzi alikuwa amefika kwenye kitanda cha mzee mmoja, mkulima wa tumbaku kutoka Urambo, ambaye sauti ilikuwa imekwisha kumtoka.

"Shikamoo, babu."

Muuguzi hakumgusa. Alisubiri tu, macho yake kwenye mkono wa mzee uliolala juu ya blanketi. Alisubiri mpaka Asila akaona haya kwa niaba ya muuguzi. Ndipo kidole kimoja, ukucha wake bado una rangi ya tumbaku, kikainuka kidogo, kikashuka.

"Ameitikia," alisema muuguzi, na hapo ndipo akamgeuza.

Asila akakumbuka asubuhi hiyo hiyo, nyumbani: "Shikamoo, mama," huku yeye mwenyewe keshamshika mabega amgeuze. Na asubuhi ya jana. Miezi mitatu mizima.

"Mtamleta lini?" muuguzi aliuliza.

Asila aliikunja karatasi yake.

"Kesho," alisema. "Leo acha nikamwamkie."