Siku ya Familia Bwawani

Usigeuze shingo. Ulikuwepo. Mwanamke yule alipotolewa getini, ndala mkononi, uliinama ukajifanya unafunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe havina kamba. Nilikuona. Mimi sisahau.

Kosa lake lilikuwa kusema. Alifanya kazi chumba cha rangi, pale kiwanda kinapotia vitambaa rangi, akasema tangi la nyuma la maji ya rangi linavuja. Msimamizi, yule tunayemwita Tabasamu kwa sababu humfukuza mtu huku meno yote yako nje, akasema ni uzushi, akamwachisha kazi. Kisha tangi likasiribwa saruji, likapakwa rangi mpya, liking'aa kama bibi harusi. Mwanamke akapeleka malalamiko, na mkaguzi ameahidi kuja kesho. Ikithibitika alisema kweli, anarudi kazini. Isipothibitika, ndiyo basi. Nani atamwajiri mzushi?

Nasi tukaapa: mpaka arudi, hakuna kupokea hata peremende kutoka kwa Tabasamu.

Kiapo chetu kimedumu mpaka leo asubuhi. Tabasamu katangaza siku ya familia: watoto wote waje wavue samaki kwenye bwawa la kiwanda. Bwawa lile lile ambalo ukilisogelea siku nyingine unafunguliwa mbwa.

Mwanamke huyo anaishi kwa dada yake. Alitoka chumbani akamkuta mume wa dada, mwendesha mashine ya kukamua vitambaa, anasuuza ndoo.

"Shemeji, kumbe unakwenda?"

"Ni kwa ajili ya watoto, shemeji. Watoto hawana ugomvi na mtu."

"Watoto hawana. Wewe unao."

"Kesho nitasimama mbele ya mkaguzi, niseme nilichokiona."

"Atasimama," mkewe alidakia kutoka jikoni, "lakini badala ya maneno atacheua soda ya Tabasamu."

Mwanamume alitaka kuiweka ndoo chini. Nasema kweli, alitaka. Lakini mwanawe mdogo, Kitinda, alikuwa ameshavaa viatu vya mvua tangu alipoamka, kikopo cha chambo kifuani, anamtazama. Wakaenda, yeye, Kitinda na dada yake Kitinda.

Na wewe ulikwenda. Usinikodolee macho.

Bwawani kulikuwa na meza za mikate na soda. Watoto wakubwa walipewa fito zenye mshipi na ndoano. Wadogo, nyavu za kuchotea. Tabasamu alizunguka akiwapapasa vichwa.

Yule baba ana desturi yake anapowapeleka wanawe mtoni: samaki mdogo kuliko kiganja harudi nyumbani nao. "Mrudishe kwa mama yake," huwaambia. Kitinda akanasa kadogo, akakabusu, akainama ukingoni kukaachia. Tabasamu akamdaka mkono.

"Aa, bwana mdogo! Leo ni wote, wadogo kwa wakubwa. Atakayejaza ndoo nyingi kuliko wenzake anapata baiskeli."

Basi watoto wakawa wazimu. Chambo cha dada yake Kitinda kikaisha, akaendelea na ndoano tupu, na bado akapata.

"Baba, ona! Wananipenda!"

"Una mkono wa heri, mwanangu," alisema baba, kifua mbele. Sokwe angetembea hivyo.

"Leo Tabasamu kawa baba mlezi," mtu mmoja alisema.

"Kuleni tu," akajibu mwingine. "Kesho mkaguzi akituuliza, tutasema tuna mifupa kooni."

Mkacheka. Mlijua mnahongwa, mkacheka. Ndoo zikajaa, mifuko ikajaa, mama mmoja akafunga samaki kwenye kanga yake. Mkaondoka na jua lingali juu, mmejipinda kwa uzito, kila nyumba na wake.

Mwanamke alikuwa mlangoni waliporudi. Alimtazama shemeji yake, hakuitazama ndoo.

"Amekunasa, shemeji. Na chambo chake ni wanao."

"Samaki si kiapo. Kesho nitasema."

"Utasema nini? Kwamba tangi lilivuja? Likaguliwe, ni zima! Ulibaki wewe tu, mdomo wako, nao umekwenda kuujaza kwa adui yangu!"

"Dada yako naye atakula, au si ndugu yako?"

"Tia samaki wako jikoni, unyamaze," alisema mkewe. "Mmeshatuaibisha. Angalau tusilale njaa."

Mwanamume akapeleka ndoo jikoni. Ndipo Kitinda akamjia mama yake mdogo, akamwekea samaki mmoja kiganjani.

"Mama mdogo, usinune. Huyu ni wako. Sikumwumiza, alikuwa amelala tu juu ya maji nikamchota."

Mwanamke akataka kumtupa yule samaki uani. Mkono ukasita. Akamgeuza, akamfunua mashavu kwa kidole gumba. Mahali palipopaswa kuwa pekundu palikuwa na buluu, buluu ileile iliyomganda yeye kwenye kucha tangu alipofukuzwa.

"Kitinda. Wamebaki wengi bwawani?"

"Hata mmoja, mama mdogo! Bwana Tabasamu alisema tukiwamaliza wote kabla mgeni wake hajaja kesho, sisi ndio watoto wazuri."

Epua sufuria yako. Usimwonjeshe mtoto hata mchuzi, na usimwage: ibebe hivyo hivyo, njoo nayo getini sasa hivi.