Marehemu Aomba Miwani

Mazishi yalikuwa yamefika katikati pale marehemu alipoomba miwani yake.

"Marehemu hasomi," mkewe alimwambia, lakini akampa.

Marehemu alikuwa fundi saa, mtu mzima, kichwa kimenyolewa asubuhi ile ile. Alikuwa ameketi sakafuni mbele ya moto mdogo, akijisomea sala za wafu yeye mwenyewe. Kwa Wahindu, anayeiaga dunia ili aifuate yoga mpaka mwisho wake, ile ya kumtafuta Mungu na si ya kunyoosha viungo tu, hujifanyia mazishi kwanza. Maiti hakuna, kaburi hakuna. Anajitolea tonge la wali kama anavyotolewa mfu, anavua jina lake, anavaa nguo ya rangi ya chungwa. Kuanzia hapo hana mke, hana watoto, hana kiti.

Hilo la kiti ndilo lililomkwama kooni. Kilikuwa kiti cha kuegemea, kimewekwa dirishani, na kwa jinsi alivyokikalia kilikuwa kimeshika umbo lake. Mke na watoto alikwisha kuagana nao kwa roho safi.

Mkewe, fundi cherehani, alikuwa amekubali upesi mno. Guru, mwalimu wake wa kiroho, alisema bila ridhaa ya mke mambo hayaendi, na fundi saa akajiandaa kwa kilio cha wiki nzima. Badala yake mama huyo alikuwa na maswali.

"Mtu akishajizika, anaweza kuitwa nyumbani? Tuseme bomba limepasuka, au mjukuu anaumwa?"

"Haitwi," guru alisema. "Amekufa."

"Na kupika? Kufulia watu?"

"Hampikii mtu, hamfulii mtu. Kazi yake ni Mungu tu."

Mama akashusha pumzi ndefu. Maskini, anaumia, fundi saa aliwaza, akajisikia vizuri kidogo.

Basi akafa, akapanda zake kwenye nyumba ya watawa, juu ya kilima mwisho wa mji. Kila alfajiri aliketi mgongo wima, akatuliza pumzi, akalitaja jina la Mungu huku akisogeza tasbihi. Mungu hakuja. Kilichokuja ni kiti.

"Unaona nini?" guru alimuuliza.

"Kiti changu, Guru."

"Basi mkaribishe Mungu akikalie."

Akajaribu. Mungu akaketi, akanyoosha miguu, akaonekana amestarehe kabisa. Fundi saa alishikwa na wivu hata tasbihi ikamponyoka.

Mambo yakazidi kuharibika jioni za nyimbo, watu wa mjini walipopanda kuja kumwimbia Mungu. Mkewe alikuja mara ya kwanza, akaja tena, na baadaye ikawa hakosi. Alikaa upande wa wanawake, amefumba macho, akipiga makofi na kuimba, machozi yakimtiririka mpaka shingoni. Upande wa mumewe hakugeuka hata kidogo. Siku moja fundi saa alikohoa kwa makusudi. Mama akapandisha sauti ya wimbo. Siku nyingine akamvizia penye viatu.

"Mama Watoto."

"Nasikia sauti kama ya mtu," mama alimwambia mwenzake, akitafuta kiatu cha pili. "Lakini mwenye sauti hiyo tulishamzika."

Fundi saa akarudi chumbani kwake akiwaza. Machozi yote yale! Mwanamke yule alikuwa anakwisha kwa majonzi, na mumewe yuko kilimani anabembeleza pumzi zake. Akakata shauri kurudi. Kiti hakukitaja, hata kimoyomoyo.

"Si kwa ajili yangu, Guru," alisema. "Ni huruma tu."

"Unamhurumia nani?"

"Mjane wangu."

Guru akaufunika mdomo kwa shuka lake, mabega yakimtikisika. "Nenda kaone," alisema. "Ila ungewahi."

Akashuka kilima mbiombio, akirudiarudia maneno ya kumwambia. Mama Watoto, futa machozi, nimefufuka. Yalimpendeza. Alipokata kona ya mtaa wake akaona viatu vya watu vimejaa mlangoni. Harufu ya ubani ilimpokea njiani. Majirani walikuwa wameketi ukumbini, wanazungumza kwa sauti za chini, na binti yake mkubwa akamfungulia mlango, macho mekundu.

"Baba, umechelewa," binti alisema. "Mama ametutoka."

Akaketi chini. Miezi yote ya kujifunza kuachilia ikamwagika pale kizingitini, na mzee wa watu akalia kwa sauti, mbele za majirani, bila haya. Aliuona mdomo wa mkewe umebana pini, uzi begani, anavyomkemea huku anacheka. Kiti kilikuwa pale dirishani, kitupu, wala hakukiona. Aliyekuwa akimtaka siku zote hizo ni mkewe, na sasa hakuna wa kumwambia.

"Lini?" aliuliza, pumzi zimemkatika.

"Asubuhi hii."

"Na nani... nani amemsomea sala?"

"Kajisomea mwenyewe, Baba. Kanyoa kichwa, kavaa rangi ya chungwa, katoka anaimba. Tulimuuliza kuhusu ridhaa ya mume, akasema yeye ni mjane." Binti akamshika mkono, amwinue. "Ameacha maneno pia. Amesema ukija, tukupe pole kwa kufiwa."