Koneksheni Kando ya Jeneza

Kilio kilitangulia, mwenye kilio akafuata. Kilipanda kutoka upande wa lango, kirefu, chenye kona na mteremko, hata kwaya ikakatiza ubeti. Akina mama waliokuwa chini ya hema waligeuza shingo wakidhani dada ya marehemu amefika kutoka Mombasa.

Alikuwa Mulinge, kijana wa digrii, ndani ya suti nyeusi. Sura ya marehemu aliiona kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hiyo, kwenye bango langoni.

Tangu amalize chuo, Mulinge alikuwa amepeleka sivii kwenye kila mlango wenye kitasa, kutoka Kitui hadi mji wa Wote. Kote walimwambia watampigia simu. Simu ikajifunza kunyamaza. Na huko kijijini kwao, Kwa Vonza, mama yake alikwisha kusimama kanisani akatoa ushuhuda kwa imani kwamba Bwana amempa mwanawe kazi. Waumini walipiga makofi. Sasa kurudi mikono mitupu kungekuwa ni kumfanya Bwana mwongo, na mama mwongo zaidi.

Ndipo Mbuvi, rafiki waliyesoma naye, alipomfungua macho.

"We Mulinge, kazi ni kujuana! Na wakubwa utawapata wapi bila sekretari mlangoni? Matangani! Huko hata bosi analia, na mtu anayelia hafungi mlango."

Tangu hapo maziko hayakumpita. Alizika meneja wa benki, akazika mwalimu mkuu, akazika mama mkwe wa mheshimiwa. Alishika mikono minene, akagawa namba yake kama peremende. Muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe ya matangani, aliyala hadi akanenepa. Kazi, hakuna.

Lakini haya ya Mukuyuni yalikuwa maziko ya aina yake, na ni Mbuvi aliyeleta habari. Mzee Nyamai, mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kutoka Mukuyuni mpaka Mtito Andei, alikuwa ameaga.

"Hapa usilie tu," Mbuvi alimwambia njiani. "Ukipewa maikrofoni, sema mzee alikuahidi kazi ukimaliza chuo. Nani atabisha? Sisi Wakamba neno la mtu anayekufa hatulivunji. Ukilivunja ni kiumo, laana itakayokula ukoo mzima."

"Na wewe mbona usiseme?"

"Mimi sina sauti ya kulia," alijibu Mbuvi. Akabaki barabarani, juu ya pikipiki yake.

Basi mchungaji alipouliza kama kuna mwingine mwenye neno, Mulinge alikuwa ameshaishika maikrofoni.

"Waombolezaji, mzee huyu alinishika mkono huu," alisema akiuinua. "Akaniambia, 'Mwanangu, maliza chuo. Kazi yako iko kwangu.' Leo amelala. Mimi nitaenda kwa nani?"

Kisha minong'ono ikaanza nyuma, ikaja mbele safu kwa safu kama moto wa nyasi. Musyimi, ndugu ya marehemu, ambaye funguo za maduka sasa zilikuwa mfukoni mwake, alisimama polepole.

"Rudia hapo, kijana."

Mulinge alirudia, safari hii na machozi.

"Kumbe ni wewe!" Musyimi alipiga mkongojo chini. "Ndugu yangu kabla hajakata roho alisema yeye mwenyewe amempa kijana mmoja wa chuo neno lake. Akijitokeza, tusimfukuze, tumpe kazi. Jina hakututajia. Tumekaa hapa tukingoja tuone kama ana uso wa kuja!"

Uongo wa Mulinge ulikuwa umeota miguu, ukamtangulia, ukamkuta amewekewa kiti. Moyoni alimshukuru Mungu wa mama yake.

"Mbinya huyu unamjua?" Musyimi alielekeza mkongojo kwenye benchi la mbele. Binti ya marehemu, Mbinya, alikuwa ameketi pale amejifunika shuka mbili katika jua lile la kupasua mawe.

Mulinge hakuwahi kumwona. Lakini kazi ni kujuana.

"Mbinya? Tunajuana sana, mzee. Chuoni tulikuwa hatuachani."

"Ata we!" mama mmoja alifoka, akajiziba mdomo kwa kitambaa.

"Mwacheni," mzee mwingine akasema. "Angalau huyu si mwoga."

Musyimi alimgeukia binti. "Mwanangu, hapa hakuna wa kukugombeza tena. Ni huyu?"

Mulinge alifumba macho. Neno moja la msichana huyu, na angerudi Kwa Vonza kuwa kichekesho cha kanisa zima. Alipoyafumbua, Mbinya alikuwa akitazama mbali, kupita bega lake, hadi barabarani. Huko pikipiki ilinguruma, ikakata kona ya shule, ikaacha vumbi peke yake. Mbinya aliendelea kulitazama vumbi lile hadi likatua. Ndipo akamrudia Mulinge, akaipima suti, akavipima viatu, kama mtu anayechagua kitu cha mwisho dukani.

"Ndiye," akasema.

Watu wote wakashusha pumzi. Musyimi alimshika Mulinge mkono ule ule ulioshikwa na marehemu, akauinua juu ya jeneza, akavuta maikrofoni karibu.

"Sikia, kijana. Nakuahidi mbele ya ndugu yangu: Jumatatu unaanza kazi, mshahara wa kwanza utanunua mbuzi wa mahari, na mtoto wa Mbinya akizaliwa, atamkuta baba yake dukani."